Wino wa Kudumu na Kanzu ya Idd

Kumi la mwisho la Ramadhani lilikuwa halijaingia watoto wangu walipotangaza wakati wa futari, tena mbele ya babu yao, kwamba zawadi za Idd mwaka huo hazitanunuliwa dukani. Watazitengeneza wenyewe: foronya kwa Bibi na mashangazi, leso za mkononi kwa wajomba na baba wadogo, zote zenye maua ya rangi zilizotawanyika. Na rangi yenyewe itatoka kwenye makapeni. Wanangu ni watatu. Kifungua mimba yuko kidato cha pili, na ndiye aliyeipata habari hiyo kwa wenzake shuleni. Wa kati yuko darasa la tano na mkono wake hautulii bila kuchora. Kitinda mimba ndio kwanza ameanza darasa la kwanza, na hataki jambo lolote litendeke nyumbani yeye asiwepo.

Niliwaunga mkono pale pale. Nyumba yetu iko Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara za Tanga zinazoitwa kwa namba, na mtaani kwetu zawadi ya dukani hupokewa kwa "ahsante" ikawekwa kabatini. Iliyotoka mikononi mwa mtoto hupokewa kwa maswali: hapa umefanyaje, rangi hii umeichanganya na nini, nani kakufundisha? Maswali hayo humkuza mtoto. Lakini ili ayajibu sharti akijue kitu alichokishika, tabia yake na kinachokiweza. Hilo ndilo tulilojifunza nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo, katika visa ninavyovisimulia hapa.

Kazi yenyewe ni hii. Unatandaza kitambaa cha pamba juu ya mdomo wa bilauri, unakibana kwa mpira mpaka kiwe kimewambwa kama ngozi ya ngoma. Katikati unachora vidoa kwa makapeni za wino wa kudumu, rangi mbili au tatu, mahali padogo tu. Kisha unachukua sirinji isiyo na sindano na kudondosha spiriti katikati ya mchoro, tone moja moja. Spiriti inauyeyusha wino na kusafiri nao kwenye nyuzi za kitambaa, na vidoa vinafunguka kuwa ua. Unaacha kikauke kabisa, unapiga pasi ili rangi ishike, kazi imekwisha. Ukisimuliwa, unaona ni shughuli ya baina ya Alasiri na Magharibi.

Kisa cha kwanza: kitambaa kisichokunywa

Kitambaa cheupe kilinunuliwa sokoni, na muuzaji aliapa kwamba ni pamba tupu. Jioni ile bilauri zilipangwa kwenye sinia, watoto wakachora. Wa kati alitengeneza duara la vidoa vya buluu na ndani yake duara la njano, kwa uangalifu mkubwa. Spiriti ikadondoshwa. Wino ulisogea kidogo, ukasimama. Badala ya ua tukapata mabaka yenye kingo zilizokatika katika, na chini ya kitambaa spiriti ikidondoka ndani ya bilauri ikiwa na rangi yote ambayo kitambaa kiliikataa. Wakajaribu tena pembeni, hali ikawa ile ile. Kitinda mimba akainamisha uso.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wifi yangu aliingia wakati huo huo akitokea Chumbageni na bakuli lake la tambi. Wifi ni fundi wa batiki wa siku nyingi. Alijifunza katika mafunzo ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, ambalo limewafungulia wanawake wengi wa nchi hii mlango wa ufundi huo. Alikishika kitambaa baina ya kidole gumba na cha shahada, akakisugua, akakinusa, kisha akasema, "Wanangu, hiki si pamba. Hebu nileteeni kiberiti, twendeni uani, mbali na hiyo spiriti yenu."

Uani alichomoa uzi mmoja wa kitambaa kile na uzi mwingine wa kanga kuukuu ya Bibi. Aliuwasha uzi wa kanga kwanza. Uliungua taratibu, ukatoa harufu ya karatasi inayoungua, ukaacha majivu laini ya kijivu yaliyopukutika alipoyagusa. Kisha akauwasha ule wa kitambaa kipya. Ulijikunja, ukayeyuka, na kwenye ncha yake pakabaki punje nyeusi, ngumu, ambayo kitinda mimba aliibonyeza kwa kucha isipondeke. "Tetroni," akasema Wifi. "Ina nyuzi za plastiki ndani yake. Pamba hunywa, plastiki hainywi. Hata mngedondosha spiriti mpaka daku, isingekubali."

Siku ya pili tulinunua marekani. Bibi alifurahi kuiona, akawapa watoto habari zake: kwamba kitambaa hiki kililetwa pwani hii katika karne ya 19 na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, huko Massachusetts, na kwamba misafara iliyokwenda bara ilikitumia kununulia chakula na kulipia njia, mahali pa fedha. Lakini Wifi hakuruhusu kitumike kilivyo. Kitambaa kipya hutoka kiwandani na wanga uliotiwa ili nyuzi zisikatike wakati wa kufuma, na wanga huo huziba njia ambazo rangi ingepita. Kikaloweshwa, kikafuliwa kwa maji ya moto na sabuni, kikasuuzwa mpaka maji yakatoka meupe, kikaanikwa. Kwa upande wa leso, Bibi alitoa shuka lake la zamani la pamba, lililokwisha fuliwa miaka na miaka. Likakatwa vipande, na cherehani yake ikapinda kingo. Ninawaambia wote wanaotaka kuanza kazi hii: hakuna kitambaa kipya kinachoishinda pamba iliyochakaa kwa kufuliwa. Rangi huingia ndani yake bila kusita.

Jioni hiyo Wifi aliwapa somo jingine ambalo naliona ndilo lililotengeneza zawadi zetu. Kwenye batiki, alisema, nta iliyoyeyushwa hupakwa kwa brashi pale ambapo hutaki rangi ifike. Kisha kitambaa kinachovywa kwenye maji yaliyochanganywa rangi, kostiki na haidrosi, na nta inaulinda weupe. Mafundi wa Gujarati wanaotengeneza bandhani hufunga vifundo vidogo vidogo kwa uzi, kimoja kimoja kwa mkono, na uzi unaulinda weupe. Wayoruba wanaotengeneza adire, kule Abeokuta, hukifunga kitambaa au kukipaka uji wa muhogo kabla ya kukitia kwenye nili. "Ninyi hamna nta, hamna uzi, hamna uji," akawaambia. "Kinga yenu ni nafasi mnayoiacha. Mkijaza kitambaa chote wino, spiriti itazichanganya rangi zote na mtapata rangi ya tope." Wa kati alisikiliza kwa makini. Tangu hapo michoro yake ikawa midogo kuliko kiganja cha mtoto, na pembezoni mwake weupe mpana.

Kisa cha pili: safari ya wino mweusi

Spiriti ya mwanzo ilikuwa imekwisha kwenye ile tetroni. Kitinda mimba alikuwa na wazo: katika kabati kulikuwa na chupa za vitakasa mikono zilizobaki tangu kipindi cha korona, na vitakasa mikono vina spiriti. Wazo lilikuwa na msingi. Kitakasa mikono cha majimaji kinachofuata fomula ya Shirika la Afya Duniani kina ethanoli ya asilimia 80, na gliseroli kidogo tu ya kulainisha ngozi. Chetu lakini kilikuwa cha uji mzito. Dawa inayokifanya kiwe uji ndiyo hiyo hiyo inayokizuia kutembea, na wino ulikaa pale pale ukawa utelezi unaonata. Kifungua mimba akaenda duka la dawa, akarudi na spiriti ya hospitali, ya asilimia 70.

Hapo ndipo kazi ilipokubali. Baada ya futari, madirisha yote yakiwa wazi kwa sababu harufu ya spiriti hupanda kichwani, tulikaa kuizunguka meza. Wa kati aliweka duara la vidoa vyeusi kwenye kipande cha shuka la Bibi. Kaka yake akadondosha tone la kwanza katikati. Kwa kitambo kidogo hapakuwa na kitu ila unyevu unaotanda. Kisha unyevu ulipovifikia vidoa, vikaanza kuvuja kuelekea nje, na ule weusi ukaanza kuachana. Mbele ikatangulia buluu nyepesi, karibu na rangi ya anga. Nyuma yake zambarau. Nyuma ya zambarau ukabaki utepe mwembamba wa wekundu, na pale kidoa kilipokuwa pakasalia kivuli cha kijivu. Kitinda mimba alisimama juu ya kiti. "Mama, nyeusi imezaa!"

Kifungua mimba akaeleza, na nilimsikiliza kwa fahari. Wino wa makapeni hizi ni rangi zilizoyeyushwa katika kileo pamoja na gundi. Ukiandika, kileo kinaruka, gundi inabaki imeishika rangi, na maji hayaiwezi. Spiriti inapofika, gundi na rangi vinayeyuka tena na kuanza safari kwenye nyuzi. Kiwandani weusi hupatikana kwa kuchanganya rangi kadhaa, na kila moja ina mwendo wake: inayoyeyuka kwa urahisi na isiyong'ang'ania pamba hutangulia, inayong'ang'ania huchelewa. Ndiyo maana zinaachana njiani. Shuleni wamefanya jaribio kama hilo kwa karatasi ya kuchujia, katika somo la kutenganisha michanganyiko. Mwanasayansi wa Urusi, Mikhail Tsvet, ndiye aliyeitumia njia hii kutenganisha rangi za majani ya mimea mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1906 akaipa jina la kromatografia. Bibi alikuwa akisikiliza huku akivuta tasbihi. "Basi hayo majani mabichi nayo si kijani tupu?" aliuliza. "La, Bibi, ndani yake mna njano." "Subhanallah," akasema Bibi, akasogeza kiti chake karibu na meza.

Kanuni zilijitokeza zenyewe kadiri usiku ulivyokwenda. Tone la pili halidondoshwi mpaka la kwanza limekoma kutembea. Ukiharakisha, rangi inakimbilia ukingoni na katikati panabaki pamefifia. Buluu ikikaa jirani na njano, zikikutana huzaa kijani kizuri. Nyekundu ikikutana na kijani, huzaa kahawia iliyochafuka. Foronya ina tabaka mbili, kwa hiyo ndani yake hutiwa kadibodi iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, ama sivyo ua la mbele litatokeza nyuma mahali usipotaka. Na makapeni za ubao mweupe wa darasani zisichukuliwe hata kama mwili wake unafanana na zile nyingine, kwa sababu wino wake umetengenezwa ili ufutike.

Watoto walikuwa wamekwisha kuelewana. Kaka mkubwa alishika spiriti, wa kati alichora, kitinda mimba alibana mipira na kuchagua rangi. Foronya zilianza kujipanga kwenye kamba ya varandani. Nilizipitisha macho moja baada ya nyingine, na hapakuwa na mbili zilizofanana.

Kisa cha tatu: giza

Kanzu ya Idd ya baba mkwe wangu ilikuwa imerudi kutoka kwa fundi siku hiyo hiyo: pamba nyeupe pe, darizi shingoni, imekunjwa na kulazwa juu ya kiti kilicho karibu na dirisha. Mwenyewe alikuwa msikitini kwa Tarawehe. Mezani kulikuwa na sinia, na kwenye sinia dimbwi la spiriti lililokusanya matone ya rangi zote.

Umeme ukakatika.

Kwa watoto wa mjini kukatika kwa umeme si jambo la kushtusha, na kila mmoja anajua la kufanya. Kitinda mimba alikimbilia jikoni, na kabla hatujasema lolote tukaona mwanga wa manjano ukija ukutani. Alikuwa amewasha mshumaa na anauleta mezani kwa mikono miwili, polepole, asiuzime.

"Simama hapo hapo!" Ilikuwa sauti ya Bibi, na sijawahi kuisikia ikiwa kali hivyo. "Usije! Zima!"

Mtoto akasimama mlangoni, akapuliza. Ninaieleza dakika hii kwa urefu kwa sababu naiona ndiyo kubwa kuliko zote katika kisa chetu. Spiriti ya asilimia 70 hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye joto la nyuzi 20, na usiku wa Tanga mara nyingi huwa na joto zaidi ya hapo. Mvuke huo hauonekani na ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hautoki haraka kwa juu. Hutambaa mezani, ukashuka, ukafuata sakafu. Mwali haulazimiki kuigusa chupa. Unatosha kukutana na mvuke njiani, na moto ukarudi nao mpaka kwenye sinia. Anayefanya kazi hii na watoto aweke tochi karibu kabla ya kufungua spiriti, na mishumaa, kandili, viberiti na majiko vikae chumba kingine.

Katika giza lile, wa kati aliinuka amfuate mdogo wake aliyeanza kulia. Sinia likapinduka. Tulisikia majimaji yakimwagika, tusijue yamekwenda wapi. Kifungua mimba alipowasha tochi ya simu tuliliona: kwenye ubavu wa kanzu ya Babu, doa la zambarau na buluu, pana kuliko kiganja cha mtu mzima, na tulipokuwa tukilitazama lilikuwa bado linakua. Spiriti ilikuwa inafanya katika kanzu ile ile kazi iliyokuwa ikiifanya mezani usiku kucha.

"Maji! Sabuni!" Bibi aliagiza, tukaleta beseni. Doa liliacha kukua, lakini halikutoka hata chembe. Povu lilibaki jeupe. Jirani aliyesikia purukushani aliita kutoka barazani kwake kwamba anayo dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, tuimimine mara moja. Kifungua mimba akainua mkono. "Hapana, shikamoo, tunashukuru, ila hapana. Kanzu ina spiriti. Klorini na spiriti havikutanishwi, vinatoa hewa ya sumu." Alisema kweli. Dawa hizo zikichanganyika na kileo huweza kuzalisha klorofomu na mivuke mingine inayodhuru mapafu. Jirani alirudisha chupa yake ndani.

Babu alitukuta hivyo hivyo, tumeinamia beseni kwa mwanga wa simu.

"Hiyo si kanzu yangu?"

"Shikamoo, Babu. Ndiyo yenyewe."

"Marahaba. Imepatwa na nini?"

"Wino, Babu," akajibu wa kati, na sauti ikimtetemeka. "Wino wa kudumu."

Babu akaomba tochi, akalitazama doa kwa makini. Kabla ya kustaafu alikuwa karani bandarini, enzi ambazo mkonge wa Tanga ulikuwa ukitoka kwa marobota, na kila robota limepigwa alama kwa wino mzito. "Wino ule ulitushika mikono na mashati," alisema. "Maji hayakuufanya kitu. Wapagazi walitufundisha kuutoa kwa mafuta ya taa, kwa sababu wenyewe ulichanganywa na mafuta. Huu wenu unayeyuka kwa nini?"

"Kwa spiriti, Babu."

"Basi utoeni kwa spiriti. Dawa ya moto ni moto."

Tulihamia barazani, penye upepo. Kanzu ilikamuliwa, ikalazwa juu ya mataulo meupe yaliyokunjwa. Kifungua mimba alilowesha pamba kwa spiriti na kugonga gonga, akianzia ukingoni mwa doa kwenda katikati ili lisitanuke zaidi. Hakusugua, kusugua kunaisukuma rangi ndani ya nyuzi. Rangi iliyoyeyuka ilishuka kwenye taulo la chini. Kila taulo liliposhiba, mimi na Wifi tulilivuta na kuweka safi, kwa sababu taulo lililokwisha kushiba huirudisha rangi juu. Babu mwenyewe alishika tochi. Buluu ilitoka kwanza, kwa urahisi, ile ile iliyokuwa ikitangulia mbele kwenye leso. Zambarau ikafuata. Wekundu ulikuwa mkaidi, ukataka spiriti nyingi na subira nyingi. Wa kati, ambaye machozi yalikuwa yamemkauka, ndiye aliyeona kwanza. "Zinatoka kwa foleni yao, Babu. Vile vile zilivyokuja."

Hatukuipiga pasi mpaka tulipohakikisha, kwa kuwa joto lile lile linaloishikisha rangi kwenye foronya lingeishikisha kwenye kanzu. Asubuhi ilifuliwa kwa sabuni, ikaanikwa. Ubavu ulikuwa mweupe. Ulibaki mstari mwembamba wa waridi kwenye mshono, pale kitambaa kilipokunjwa mara mbili na nyuzi za fundi zimebana, mahali ambapo mkono ukishuka huufunika. Babu aliivaa kanzu hiyo kwenye swala ya Idd. Baada ya swala aliwasimulia wazee wenzake habari ya wino na spiriti, hatua kwa hatua, na mmoja wao alimtuma mjukuu wake kwetu mchana huo huo akiwa na shati lenye doa la makapeni.

Foronya na leso zilikuwa zimepigwa pasi siku iliyofuata usiku ule wa giza, zikiwa zimekauka kabisa na hazina harufu ya spiriti hata ukizikaribisha puani. Pasi yetu ni ya umeme, lakini kwa mwenye pasi ya mkaa sharti hilo ni zito maradufu.

Kisa cha nne: leso ya Muscat

Zawadi zilipokewa kwa yale maswali niliyoyataja, na watoto wakayajibu. Lakini elimu ya wino huu ilikuwa haijakwisha. Leso moja ilisafiri na ndugu mpaka Muscat, kwa shangazi yao mwingine, na baada ya muda akapiga simu. "Wifi," aliniambia, "leso ya mwanangu nimeipenda mno. Nimeitia manukato niende nayo harusini, na maua yamehama! Lile la buluu limeingia kwenye la njano."

Nilimpa simu kifungua mimba, na hakuhitaji kufikiri sana. "Shikamoo, Shangazi. Manukato ya kupuliza yana kileo kingi ndani yake. Ifukize udi, moshi hauna spiriti." Tangu hapo anaifukiza udi, na anasema maua yametulia.

Bibi naye aligundua jambo lake. Foronya yake iliyokuwa ikilala upande wa dirishani ilianza kupauka, ilhali ya pili iliyokaa kivulini ilibaki na rangi zake. Rangi nyingi za makapeni hazivumilii jua. Kwa hiyo kazi hii inafaa foronya, leso, mifuko ya udi na vitambaa vya kufunikia sahani. Pazia na nguo ya kushinda juani zafaa batiki ya Wifi, ambayo rangi yake imeingia kwenye uzi wenyewe.

Kwa hayo yote, watoto walikata shauri kwamba zawadi isitoke tena nyumbani peke yake. Idd iliyofuata, kila foronya na kila leso iliambatana na kikaratasi kilichoandikwa na wa kati kwa mwandiko wake mzuri: fua kwa maji baridi, peke yake mara za mwanzo, anika kivulini, usiipulizie manukato wala usiishike na mikono yenye kitakasa kibichi, ikipata doa la makapeni, njoo tukuonyeshe. Neno "wa kudumu" lililoandikwa kwenye makapeni lina mipaka, na watoto wangu sasa wanaijua: unadumu mbele ya maji, unasalimu amri mbele ya spiriti, unachoka mbele ya jua. Anayempa mtu kitu alichokitengeneza kwa mkono wake ana wajibu wa kumpa na habari hizo. Kwetu sisi kikaratasi kile kimekuwa sehemu ya zawadi, na wajomba ndio wanaokidai kwanza.